Samaki wa Ukutani Hauzwi

Mimi sikutaka kuandika. Mdomo ninao, na mtu akitaka habari zangu anajua karai langu liko wapi, aje aniulize nimjibu huku nikigeuza samaki. Lakini Celestine, mwenyekiti wetu wa akina mama wa banda hili, anasema nikijibu wageni ninawafukuza. Eti nina ukali. Eti mgeni akiuliza habari ya huyo samaki wa ukutani ajibiwe na karatasi, kwa sababu karatasi haifoki. Sawa. Karatasi ndiyo hii, ameibandika karibu na mlango. Shule niliingia kidogo nikatoka kabla haijaniharibu, kwa hivyo usitafute maneno makubwa hapa. Soma ukiwa umesimama. Kama una haraka, barabara unaijua.

Jina langu ni Elsie. Hapa Dunga wananiita Mama Oketch, kwa ajili ya kifungua mimba wangu ambaye yuko Bondo anapikia wanafunzi wa chuo kikuu na hana wakati wa kuja kunitazama. Nimekaanga samaki kwenye ufuo huu tangu hili banda halijapata hata paa. Ukiniletea samaki nitakuambia ametoka majini asubuhi au jana, na aliyekuuzia ni mwongo wa kiasi gani.

Unajua lile kabati la kioo ambalo tunapanga samaki wa kukaanga, ili nzi wasiwafikie na wewe uwaone vizuri? Langu la zamani liliharibika miguu nikalipeleka nyumbani. Fundi wa vioo akaliziba pembe zote kwa gundi, nikalijaza maji hadi nusu, kwa sababu fundi alisema maji yakipita hapo nisimtafute. Nikapanga mawe kutoka ziwani. Nikatia samaki walio hai. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke amekaanga samaki maisha yake yote, leo anawafuga kwenye kabati lile lile na kuwaamkia asubuhi! Nasike, ambaye anauza viazi karibu na kwangu, aliniuliza kama na yeye aanze kufuga viazi.

Samaki wenyewe ni fulu. Kama hujui fulu, basi wewe ndiye shida iliyonifanya niandike. Fulu ni samaki mdogo wa ziwa hili hili unaloliona hapo mbele. Mama yangu aliwatunga kwenye vijiti, akawachoma, akawauza, na sisi watoto tukala vichwa. Walikuwa wengi hata kumpa mtu fulu haikuwa zawadi. Halafu mbuta akajaa ziwani, yule mkubwa mwenye mdomo kama mlango wa ghala, akawameza karibu wote. Siku hizi fulu akinaswa kwenye wavu wa omena, wale dagaa wa ziwani, anatupwa kama takataka. Hawa wangu nilipewa na Wasike, mvuvi wa omena. Alininyooshea ndoo akasema, "Chukua, Mama Oketch, ukawapikie paka." Paka wangu hakuwaona.

Mmoja wao ni dume, na huyo ndiye wa ukutani. Mgongo wake ni wa bluu, ubavu mwekundu, usoni ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Pezi la chini, karibu na mkia, lina madoa ya manjano kama mayai madogo yaliyopangwa. Nilimwita Jakom. Kwa Kijaluo jakom ni mwenyekiti. Nilimwita hivyo kwa sababu hafanyi kazi yoyote, na mwenzake akikaribia jiwe lake anamfukuza. Celestine aliuliza kama jina hilo linamhusu. Halimhusu, lakini sikuona sababu ya kumtuliza.

Sasa sikia. Oketch alipokuja nyumbani Krismasi, mtu mzima mwenye kipara, aliyelelewa kwa samaki wa ziwa hili, aliinama mbele ya kabati akasema, "Mama, hawa warembo umeagiza kutoka Uchina?"

Nilimwambia ni fulu. Akasema, "Fulu si walikuwa wa kijivu?"

Mwanangu wa tumbo! Chakula kilinishinda siku hiyo. Ikiwa Oketch hajui, nani atajua nikishazikwa?

Ndipo banda likajengwa upya, na ukuta huu mrefu ukabaki mweupe. Celestine akatangaza kwamba utachorwa samaki mmoja mkubwa, mwanachama yeyote atume picha kwenye grupu yetu ya WhatsApp, kisha tuchague. Yeye mwenyewe alishatuma mbuta, amembeba kifuani kama mtoto wa ubatizo.

Nikasema moyoni, haiwezekani. Huyo mbuta alishamla fulu akammaliza. Sasa achorwe pia ukutani, akanyage kaburi? Ukuta huu utakuwa wa fulu, nife ama nipone. Kila anayekuja Dunga amwone, na ajue ni wa hapa.

Nikachukua simu ambayo Oketch aliniachia ili asije. Nikasimama mbele ya kabati, nikapiga, nikatuma. Sikuangalia kwanza, niliamini macho yangu. Simu ikaanza kulia kama kifaranga.

"Mama Oketch, hiyo ni sufuria?" Huyo alikuwa Naswa, anayekaanga karibu na mimi, ambaye Mungu alimnyima haya.

"Mimi naona pua," akaandika mwingine.

"Ni pua yako, Mama, na leso yako. Samaki yuko wapi?"

Nikatazama. Ni kweli, flashi ilikuwa imepiga kioo ikatoa jua katikati, na pembeni nilikuwa mimi nimekunja uso. Jakom alikuwa doa la kahawia chini ya kidevu changu, kama chai iliyomwagika.

Celestine akaandika, "Asante kwa kujaribu." Maneno hayo niliyameza na mifupa yake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kisian kwa Laban. Laban ana studio kando ya barabara ya Busia. Anapiga picha za vitambulisho na pasipoti, na anatengeneza zile kubwa za marehemu zinazowekwa mbele ya jeneza. Ndiye aliyemfanya mume wangu aonekane anatabasamu siku ya mazishi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa hai. Nikasema, mtu wa namna hii samaki hawezi kumshinda.

"Laban, nifundishe kutengeneza picha kwa simu."

Akavua miwani. "Pole sana, Mama. Ni nani ametuacha?"

"Hakuna. Ni samaki."

"Samaki ametuacha?"

"Laban, zibua masikio. Samaki yuko hai, yuko kwangu, ni picha ndiyo imekufa."

Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kama daktari anayetafuta namna ya kusema. Kisha akanifundisha, na sitasema hakunifundisha vizuri. Zima flashi. Futa kioo, nje na ndani. Vaa nguo nyeusi ili kioo kisikuonyeshe. Weka kitambaa cheusi nyuma ya kabati, taa iwe juu. Piga nyingi, utupe nyingi. Ukishapiga, ingia mle ndani ya picha: hapa ni pa kukata yasiyotakiwa, hapa ni mwangaza, hapa ni rangi, na hiki ni cha kufuta chunusi. Kidole kimoja, polepole. Vidole vyangu vimezoea mafuta ya moto, simu wala haikuvisikia. Laban akanifutia kidole kwa kitambaa kama kijana wa kitambulisho anayetia alama ya kidole. Tukaendelea.

Shida ya Laban ni kwamba anajua aina moja tu ya uso. Niliporudi na picha mpya, safi, akatikisa kichwa.

"Kwa nini anaangalia kando?"

"Samaki ana jicho kila upande. Akikutazama mbele utaona mdomo peke yake."

"Pasipoti wanataka macho yote mawili, Mama."

"Kwani anasafiri kwenda wapi?"

Akacheka, akachukua simu, akasema ngoja nikumalizie. Nikakaa kwenye benchi nikasoma nyuso za watu waliobandikwa ukutani, wote wamekuwa weupe kuliko walivyozaliwa. Aliponirudishia, nyuma ya Jakom palikuwa peupe kama shuka la hospitali, na pezi lake la chini lilikuwa tupu.

"Mayai yake yako wapi?"

"Mayai gani? Zile chunusi? Nimezitoa zote," akasema kwa furaha. "Amebaki laini kabisa."

"Laban! Hayo ndiyo yanasema yeye ni dume! Umempora uanaume wake hapa Kisian kando ya lami!"

Waliokuwa wakingoja picha za vitambulisho wakageuka kutazama ni nani amefanyiwa nini. Nilimlipa kwa omena na kwa kunyamaza, nikarudi nyumbani. Nikaapa mkono wa mtu mwingine hautamgusa Jakom tena.

Kazi sasa ikawa yangu. Nikajifungia na simu. Nikakata yasiyotakiwa. Nikaongeza mwangaza. Kisha nikafika kwenye rangi, na hapo, rafiki yangu, sikuhitaji kufundishwa na mtu. Samaki mzuri mimi ninamjua. Jicho liwe jeupe na ling'ae. Shavu ukilifunua liwe jekundu kama damu. Ngozi ionekane imelowa. Nikatia yote. Jicho nikalisugua kwa kidole mpaka likawaka, shavuni nikamwaga wekundu. Nikamtazama nikasema, huyu hakuna anayempita. Nikatuma.

Simu ikalia, na safari hii hawakucheka.

"Wa leo huyo!" akaandika Naswa. "Niwekee mimi."

"Mama Oketch, mtoe utumbo kabisa, nakuja kuchukua."

"Yuko mkavu ama wa mchuzi?"

Hata Celestine akaandika, "Huyu ni mzuri kwa wateja wa mchana."

Nilimwangalia tena Jakom kwenye skrini. Kweli nilikuwa nimemfanya vizuri, mtu hawezi kunilaumu. Nilikuwa nimemfanya samaki wa kuuzwa. Alikuwa amelala kwenye picha kama aliye juu ya meza yangu, anangoja chumvi. Sitasema nilikosea. Nitasema nilifanya kazi nzuri kuliko iliyotakiwa.

Lakini nilikasirika, na nikikasirika mkono wangu hauna breki. Nikasema, kumbe hawaoni kwamba anapumua? Nitawaonyesha uhai. Nikasukuma bluu mpaka mwisho. Nikasukuma nyekundu mpaka mwisho. Manjano ya yale mayai nikayawasha kama taa za baa. Nikatuma tena.

Celestine, kwa sauti yake ya mikutano, akarekodi ujumbe: "Mama Oketch, tunakuheshimu sana. Lakini ziwani hapa hakuna samaki wa namna hiyo, hata watoto wanajua. Kama yupo, mlete kesho bandani tumwone kwa macho. Kama hayupo, ukuta ni wa mbuta, na tumemaliza."

"Namleta," nikajibu.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Asubuhi nikamchota Jakom nikamtia kwenye ndoo yenye kifuniko, nikatembea naye hadi bandani, maji yakichekacheka. Akina mama wote walikuwa wamekaa, hata Aoko, ambaye ni mkubwa kwangu na macho yake yameanza kumwacha. Nikaweka ndoo katikati. Nikafunua.

Naswa akachungulia. "Eh! Kweli ni fulu. Ni wa kijivu."

Nikachungulia mimi. Jakom alikuwa amejibana chini ya ndoo, amepauka kama majivu ya jiko. Hana bluu, hana wekundu, hata ule mstari wa jicho umefifia. Mwenyekiti mzima, kuona watu kidogo tu, rangi yote imemkimbia! Wakacheka. Nasike, ambaye hata si mwanachama, alikuja kutoka kwenye viazi vyake ili acheke pia.

"Mama Oketch," Celestine akasema, na hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "si vibaya mtu kupenda samaki wake. Lakini ile picha ulipaka rangi."

"Niliongeza kidogo."

"Basi tumpigie simu fundi Waswa aje achore mbuta."

"Ngoja hadi Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Jumapili kuna kanisa, hutachora ukuta siku hiyo hata ukitaka. Ngoja."

Akangoja, kwa sababu mbele ya watu hangeweza kusema kanisa si kitu.

Nilimrudisha Jakom nyumbani nikamwachilia kwenye kabati. Alikaa nyuma ya jiwe lake hata chakula akakikataa, nami nikakaa kwenye kigoda changu, tukatazamana kwa ubaya. Nilifikiria mambo mengi. Nilifikiria kumrudisha ziwani. Nilimfikiria Oketch na kipara chake akisema Uchina. Kisha mwenzake mmoja, fulu kijana, akasogea kwenye lile jiwe, na hapo hapo Jakom akatoka, akapanua mapezi, na rangi ikamrudi mwilini kama mtu aliyeambiwa kiti chake kimekaliwa. Bluu. Wekundu. Mstari wa jicho ukawa mweusi tii. Ilikuwa kidogo tu, kisha akafifia.

Nikaingia chumbani nikatoa kioo cha kujitazamia, kile cha mume wangu cha kunyolea. Nikakiegemeza kwenye kabati kwa nje. Jakom akageuka akamwona mwenyekiti mwingine.

Ungemwona! Alisimama hivi, ubavu wote wazi, mapezi yamefunguka hadi ncha, yale mayai ya manjano yamesimama moja moja. Nilikuwa nimevaa nguo nyeusi ya msiba, kitambaa cheusi kiko nyuma, kioo kimefutwa, flashi imezimwa. Nikapiga nyingi. Nikatupa nyingi. Ikabaki moja.

Kwenye hiyo moja mkono ulinisumbua sana. Kidole kilitaka kwenda kwenye rangi. Nikakiambia, kaa. Nikakata pembeni, ambapo kipande cha kioo cha marehemu kilikuwa kimeingia. Nikaongeza mwangaza kidogo tu, kiasi cha mtu kufungua dirisha. Basi. Nikatuma bila neno lolote, na mimi kutokuandika neno ni kazi.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Alikuwa Aoko. Aoko hatumi ujumbe kamwe, hata ule wa kuomba maji hatumi. Alisema polepole kwa Kijaluo, na nitakuandikia kwa Kiswahili: "Nimeisogeza hiyo simu karibu na jicho langu linaloona. Huyo ni fulu. Tulikuwa tukiwaona hivyo hivyo, kwenye mawe, tukienda kuteka maji kabla jua halijawa kali. Wanawake mliocheka, ninyi mliwajua wakiwa kwenye vijiti. Wakishakufa wanakuwa wa kijivu. Kila mtu akishakufa anakuwa wa kijivu."

Baada ya hapo kura haikuwa na kazi. Celestine aliandika, "Fulu amepita," akaweka kile kidole gumba. Sikumjibu. Niliwasha moto nikachemsha chai, nikainywa nimesimama mbele ya kabati. Unielewe, sikulia. Ulikuwa moshi.

Waswa akaja na ngazi yake. Waswa ndiye anayechora hoteli zote za upande huu, mkono wake umenyooka na hasemi sana. Nikamsimamia kama askari. Alichora mgongo, nikasema bluu zaidi, akaongeza. Akachora ubavu. Akachora mstari wa jicho. Yale mayai nilimfanya ayarudie, na alipomaliza yalikuwa mahali pake kabisa, na Jakom alikuwa mrefu kuliko mtumbwi, yuko hai, mapezi wazi, anamtisha kila anayeingia. Naswa akasema, "Mama Oketch, hapo umetunyamazisha." Nikamwambia aandike tarehe.

Nikaenda nyumbani kulisha samaki wangu. Hilo ndilo kosa, na si langu, kwa sababu samaki lazima ale.

Niliporudi, Waswa alikuwa anaosha brashi. Chini ya Jakom palikuwa na sahani. Sahani nyeupe yenye ukingo wa bluu, na pembeni ugali umekatwa vizuri, na sukuma wiki, na kipande cha ndimu, kimechorwa vizuri mpaka mate yakanijaa.

"Waswa. Hiyo ni nini?"

"Sahani, Mama."

"Nani aliagiza sahani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina mlango. "Mama, mimi nimechora samaki wa hoteli tangu utotoni. Samaki bila sahani bado hajaisha."

"Huyo anaogelea!"

"Anaogelea, ndiyo. Juu ya sahani."

Nikamgeukia Celestine. Celestine akasema wateja watapenda. Akasema pia rangi nyeupe imeisha, haiwezekani kufunika. Na alikuwa anatabasamu, yule mwanamke, tabasamu la mbuta.

Ndiyo maana unamwona hivyo. Na wateja wamempenda, Celestine hakudanganya. Wanaingia, wanakaa, wananyoosha kidole: "Mimi nataka yule." Kila siku. Ninawaambia yule ni fulu, yuko hai, yuko nyumbani kwangu, anaitwa Jakom, hauzwi. Wananiuliza basi kama kuna mdogo wake. Angalau wanauliza jina. Oketch mwenyewe alikuja juzi, akasimama pale uliposimama wewe, akatazama sana, akasema, "Fulu," na kabla sijafurahi akaongeza, "na ndimu imetoka vizuri."

Sasa umemaliza kusoma, usinigeuzie mgongo. Toa simu. Usiseme haina chaji, nimekuona ukipiga picha ya chakula chako. Futa ile kamera kwa shati, zima flashi, simama pale kwenye nguzo jua likiwa nyuma yako, umpige Jakom mzima, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Kisha ingia ndani ya picha. Kata ugali. Kata sukuma wiki. Ndimu nayo, hata kama unaipenda. Sahani imepita chini ya mkia wake, kwa hivyo hiyo ifute na kile cha kufuta chunusi, polepole, na ukiyagusa yale mayai ya manjano nitajua. Rangi usiongeze. Ukimaliza, namba ya Celestine imeandikwa hapo mlangoni. Mtumie yeye, si mimi, na chini yake uandike fulu. Mtumie leo kabla hujaondoka Dunga, na mwambie na aliye nyuma yako atume, mpaka simu ya Celestine ijae fulu na rangi nyeupe ipatikane.